Dawa ya injini humponya muuzaji

Shemeji yangu alinunua Toyota Ipsum mwaka jana kwa dalali mmoja wa hapa Dar es Salaam. Siku ya kulikagua nilikuwepo. Tuliliwasha asubuhi, tukalizungusha mtaani, tukakanyaga mafuta huku mmoja wetu kasimama nyuma anaangalia ekzosi. Moshi hakuna. Injini ilikuwa imetulia kuliko umri wake. Fundi tuliyekwenda naye akachomoa stiki ya oili, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, akaichomoa tena na kuiinua juu. Oili iliteremka taratibu kama asali. "Oili nzito hii," akasema, kisha akanyamaza. Na sisi hatukumuuliza. Tukalipa.

Miezi miwili baadaye shemeji akamwaga oili kwa mara ya kwanza, akaweka oili nyepesi ya 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyotaka. Wiki hiyohiyo moshi wa buluu ukaanza. Baada ya siku chache taa ya oili ikawa inapepesa kila gari likikata kona kali, maana oili ilishapungua kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Akawa anatembea na lita moja kwenye buti kama mtu anayetembea na dawa ya pumu. Ndipo tulipoelewa kwamba siku ile ya ukaguzi tulikuwa tumekagua chupa mbili za dawa ya injini zilizovalishwa bodi ya Ipsum.

Chupa hizo kila mtu anazijua. Zimepangwa kwenye rafu za maduka ya spea pale Gerezani, na ukienda Nairobi, Kirinyaga Road, utazikuta pia. Zinaahidi kupunguza moshi, kutuliza mlio, kurudisha nguvu, kuongeza umri wa injini. Muuzaji anakwambia, "Bosi wangu, weka hii, utakuja kunishukuru." Bei ya siku niliyonunua yangu ilikuwa shilingi 25,000, na ndiyo, niliwahi kununua, kabla sijaanza kusoma maandishi madogo ya nyuma.

Hoja yangu haihusu sana kama kimiminika kile kina faida au hakina. Zipo chupa zinazofanya kitu, nitazitaja. Ninachosema ni kwamba kwa mwenye gari anayetaka kuendelea kuwa nalo, dawa nyingi za injini humnyima kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani dalili. Moshi, mlio, oili inayopungua: hiyo ndiyo lugha pekee ambayo injini inayo. Ukiizima, mnufaika ni yule anayetaka gari litoke mikononi mwake kabla halijasema.

Tuanze na kilichomo. Sehemu kubwa ya zile dawa nzito, zinazomiminika kwa uvivu, ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa polima ya kuyafanya mazito. Ukiziweka kwenye injini yenye ringi za pistoni zilizochoka, uzito unaziba pengo kwa muda: oili haipandi kirahisi hadi chumba cha kuchomea, mlio unapungua, moshi unakata. Kisha polima zile zinasagwa na mzunguko wa injini, uzito unashuka, na moshi unarudi. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya daraja la 30 ikiwa na joto la nyuzi 100 inapaswa kuwa na uzito wa kumiminika wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, na ya daraja la 50 huanzia 16.3. Anayemimina chupa nzito kwenye 5W-30 anaisogeza kuelekea huko juu bila kujua ameishia wapi. Injini za Toyota zenye VVT-i hutumia shinikizo la oili hiyohiyo kusogeza kemu, ile shafti inayofungua valvu, tena kwa kupitia vijitundu vyembamba. Ziliundwa kwa oili nyepesi, na si kwa asali.

Halafu kuna lile ambalo muuzaji hakwambii: oili uliyonunua tayari ina dawa. Kati ya asilimia 10 na 25 ya oili ya kisasa ni viongezo. Kwenye galoni ya lita nne, hiyo ni kuanzia karibu nusu lita hadi lita nzima. Mna visafishaji vya kalsiamu na magnesiamu, mna vitu vya kuyashika masizi yasigande, vya kuzuia povu, vya kuzuia kutu, na mna mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaojulikana kama ZDDP, ambao tangu miaka ya 1940 umekuwa ukijipaka kwenye chuma ili kemu na tapeti zisilane. Vyote hivyo hupimwa pamoja, ndani ya injini halisi, kabla oili haijapewa alama ya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Vinagombea nafasi juu ya chuma kilekile, kama abiria kwenye mlango wa daladala saa kumi na mbili jioni. Ukiongeza kundi jingine ambalo halikupimwa na wenzake, umetengeneza oili mpya ambayo hakuna maabara iliyowahi kuiona. Ile alama ya mduara nyuma ya galoni haikuhusu tena.

Zinki yenyewe ni mfano mzuri. Wauzaji wengi hujisifu kwamba dawa yao ina zinki nyingi kuliko oili ya kawaida. Ni kweli, nyingine zinayo. Lakini waliopunguza fosforasi kwenye oili nyepesi za petroli hadi asilimia 0.08, tangu katikati ya miaka ya 2000, hawakufanya hivyo kwa ubahili. Fosforasi huua masega ya kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi. (Najua, nusu ya magari ya mtaani masega yake yalishauzwa siku nyingi. Hiyo ni makala nyingine.)

Nimeshuhudia pia ule mchezo wa mashine. Ilikuwa Sabasaba, banda limejaa watu. Kijana mwenye kipaza sauti ana mota ndogo ya umeme inayozungusha ringi ya chuma, na mkono wa chuma unaokandamiza beringi juu ya ringi ile. Anatia oili ya kawaida, anakandamiza kidogo, mashine inapiga kelele na kukwama. Anafuta, anatia dawa yake, anauning'inia ule mkono karibu mwili mzima, mashine inazunguka tu. Makofi. Mzee mmoja mbele yangu alinunua chupa tatu palepale.

Kilichoonyeshwa pale ni kweli, ila hakihusiani na injini ya yule mzee. Mashine ile hukandamiza chuma kwa chuma kwenye kisehemu kidogo kama punje ya mchele. Beringi za krenki, shafti kuu ya injini, haziishi hivyo. Pampu inasukuma oili, krenki inaelea juu ya utando wake, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake haigusi chuma kingine. Panapogusana, kwenye kemu na juu kabisa pistoni inapogeuka, ndipo ile ZDDP iliyomo kwenye oili inapofanya kazi. Kuna namna rahisi ya kushinda mchezo wa mashine: tia kemikali zenye klorini. Zikipata joto la msuguano hutengeneza tabaka linaloteleza sana. Zikikaa ndani ya injini yenye joto na unyevu, zinaweza kuzaa asidi inayokula beringi zilezile ulizotaka kuzilinda.

Hayo si maneno ya mafundi wa kijiweni peke yao. Nchini Marekani, ambako biashara hii ilikulia, Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, imewafuata watengenezaji mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1978 kampuni ya STP ilikubali kulipa dola 500,000 kwa madai ya uongo kuhusu injini kula oili, na dola 200,000 nyingine za matangazo ya kuwaarifu watu kwamba imelipa. Jina hilohilo, likiwa chini ya mmiliki mwingine, likarudi mbele ya tume mwaka 1995 na kulipa dola 888,000. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Slick 50, iliyojengwa juu ya ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango visishike. Matangazo yake yalisema kila unapowasha gari asubuhi bila dawa hiyo, chuma kinasaga chuma. Tume ikasema injini nyingi zinalindwa vya kutosha na oili ya kawaida wakati wa kuwashwa. Shauri likamalizwa 1997 kwa makubaliano. Mwaka 1999 Dura Lube ikashtakiwa, na mojawapo ya tuhuma ilikuwa kwamba ilidai haina kemikali za klorini wakati inazo.

Nikisoma mashauri hayo, kinachonivutia kuliko faini ni kilichokuwa kinabishaniwa. Mara zote tume iliuliza swali moja lisilo na makeke: ushahidi wa hiki mnachokisema uko wapi? Na mara zote makampuni yalichagua kuelewana, bila kukiri kosa, kuliko kuuleta. Kwetu hakuna anayeuliza. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inasimamia biashara ya vilainishi na TBS, shirika la viwango, inaangalia ubora, na nguvu nyingi zinaenda kwenye oili feki, jambo ambalo ni sawa. Lakini maneno yaliyoandikwa kwenye chupa ya dawa yanapita kama maneno ya kwenye kanga. Ndiyo maana bidhaa iliyobanwa kule ichunge kauli zake, hapa inauzwa na kijana wa dukani anayeongeza zake mwenyewe.

Hofu ya oili feki nayo imekuwa mtaji. Watu wengi hununua dawa kama bima: kama oili niliyouziwa ni ya kuchakachua, angalau dawa italinda. Fikiria hilo taratibu. Anayeweza kughushi galoni ya oili, yenye sili na alama na namba, atashindwaje kughushi chupa ndogo isiyo na kiwango chochote cha kufuata?

Waendesha bodaboda wao wana hatari ya peke yao, na hapa sina mzaha. Kwenye gari, klachi inakaa kavu, mbali na oili ya injini. Kwenye Boxer au TVS, sahani za klachi zinaoga kwenye oili ileile inayolainisha pistoni. Ndiyo maana Wajapani waliweka kiwango cha JASO MA, cha oili isiyoteleza kupita kiasi. Ukimimina dawa ya gari inayojisifu kupunguza msuguano, inapunguza kweli, pamoja na ule msuguano unaoisukuma pikipiki. Injini inapanda mizunguko, pikipiki haiendi. Kijana wa kijiweni kwetu alibadilisha klachi mara mbili ndani ya miezi mitatu akimlaumu muuza spea, hadi alipotaja kwa bahati tu kwamba huwa anaongeza "kifuniko kimoja cha ile ya gari, inaipa wepesi."

Nilisema zipo zinazofanya kitu. Zipo zinazolainisha sili za mpira zilizokakamaa na kupunguza kuvuja. Zinakupa miezi kadhaa, ukijua ni miezi. Mwenye Peugeot 504 au kobe wa Volkswagen, yenye tapeti bapa za kizamani, ana sababu ya haki ya kutafuta zinki zaidi ya iliyomo kwenye oili nyepesi za leo. Visafishaji vya nozeli vinavyowekwa kwenye tangi ni jamii nyingine kabisa, na baadhi ni vizuri. Kile kimiminika cha kuoshea injini kabla ya kumwaga oili, mimi nisingekiweka kwenye gari kuukuu ambalo sijui historia yake: tope lililoganda miaka kumi likibanduka kwa mkupuo huenda kwenye chujio la sampu, na chujio likiziba pampu inavuta hewa.

Turudi kwa Ipsum. Shemeji alikuwa ameshashauriwa na watu watatu tofauti aongeze chupa. Mimi nilimwomba afanye kitu cha kuchosha: anunue daftari. Aandike kilomita kila anapoongeza oili, na kiasi alichoongeza. Baada ya mwezi tukawa na jibu. Lita moja kwa kilomita 700.

Namba hiyo ina pa kulinganishwa. Gari lile lina injini ya 2AZ-FE, familia ileile iliyomo kwenye Harrier na Alphard nyingi zinazopita Morogoro Road. Matoleo ya baadaye ya injini hiyo yalipoanza kula oili kwenye Camry na RAV4 za Marekani, Toyota iliwaandikia mafundi wake waraka mwaka 2011, na baadaye ikaongeza muda wa dhamana kwa tatizo hilo. Utaratibu ulikuwa ni kupima: unajaza oili, gari linaendeshwa maili 1,200, sawa na kilomita 1,900 na kitu, linarudi. Likiwa limekula zaidi ya robo moja ya galoni ya Kimarekani, ambayo ni kasoro kidogo ya lita, linafunguliwa na kuwekewa pistoni na ringi za muundo mpya. Zingatia hilo. Kampuni yenye maabara zake, wanakemia wake na kila sababu ya kutafuta njia ya bei nafuu, haikumpa mteja chupa. Ilishusha injini kwa gharama yake.

Fundi wetu alianza na kile ambacho ningependa kila mtu aanze nacho. Alichomoa PCV valvu, kale kadude kanakopumulia injini, akakatikisa karibu na sikio. Kazima kanalia kama njugu ndani ya kopo. Kale hakakulia, kalikuwa kameshikwa na uchafu. Kameziba, presha ya ndani ya injini inakosa njia na kuisukuma oili kwenye njia ya hewa, inakwenda kuungua. Kapya kaligharimu chini ya chupa moja ya dawa. Ulaji ukashuka, lita moja ikawa inafika kilomita elfu moja na mia mbili. Nafuu, lakini ugonjwa bado.

Akapima kompresheni. Silinda zote nne zilikuwa nzuri, zinakaribiana. Shemeji alifurahi, fundi akatikisa kichwa. Kompresheni nzuri na moshi wa buluu wakati wa kukanyaga mafuta, akasema, maana yake ringi mbili za juu ziko salama, ya tatu ndiyo imeganda. Ile ya tatu kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu madogo kwenye pistoni. Alijaribu kwanza kuloweka: akamimina kemikali kupitia matundu ya plagi, akaiacha usiku kucha, asubuhi akainyonya na kumwaga oili. Kuna magari hupona kwa njia hiyo. Hili halikupona.

Injini ikashushwa. Milioni moja na laki mbili, ukijumlisha gasketi, ringi na chakula cha vijana. Nilikwenda kuziona pistoni zikiwa zimepangwa juu ya gunia. Yale matundu ya kurudishia oili yalikuwa yamejaa kitu cheusi, kigumu kama lami iliyopigwa na jua. Fundi alijaribu kuzibua moja kwa sindano ya kushonea magunia, sindano ikapinda. Akaniuliza nadhani chupa ya tatu ingepita wapi hapo.

Kuna anayesoma hili na kusema: milioni moja na laki mbili mimi sina, elfu ishirini na tano ninayo. Namwelewa kabisa, na hesabu hiyo ndiyo inayoendesha biashara nzima. Lakini shemeji naye hakuwa nayo. Alichofanya ni kuendesha miezi mitano akiongeza oili ya kawaida, kwa daftari, huku anajichanga. Injini inayokula oili ikiwekewa oili haifi; inayokufa ni ile iliyoachwa ikaishiwa kwa sababu mwenyewe alidhani chupa imeitibu. Na elfu ishirini na tano ile, ukiiongeza kwenye bajeti ya oili, inakutoa kwenye galoni ya alama ya SF, daraja ambalo API yenyewe husema ni la injini za mwaka 1988 kurudi nyuma na bado limejaa madukani kwetu, ikakufikisha kwenye SN ya 2010 au SP ya 2020. Dawa za miaka thelathini za maendeleo zimo humo ndani tayari, zimepimwa. Ukikaa foleni ya Mbagala kila siku, au ukiendesha kwa Bolt, usisubiri zile kilomita 5,000 za kubadili oili zitimie. Injini inazunguka hata gari likiwa limesimama, na saa hizo hazionekani kwenye dashibodi.

Na ukienda kununua gari la mtu, chomoa stiki. Angalia inavyoteremka. Omba, kabla ya kulipa, oili imwagwe na iwekwe ya kwako, uendeshe siku nzima. Muuzaji mwenye gari zima atanung'unika gharama. Mwenye gari lililolishwa chupa atakuwa na safari ya ghafla.

Ipsum sasa haina moshi, kwa 5W-30 na bila nyongeza. Dalali alipigiwa simu, akasema yeye aliuza gari lisilotoa moshi, na kwa hilo hatuna ushahidi wa kumpinga. Chini ya kiti cha nyuma tulikuta chupa moja imebaki robo. Fundi aliichukua, akapaka bawaba za geti la gereji yake, na geti limeacha kulia.